Kusini kwa Lifti

Jumanne, 8 Januari 2019. Esquel

Rafiki yangu Ludmila amerudi kwetu Rosario. Basi la asubuhi. Alilia, nami nikalia, halafu tukaanza kucheka kwa jinsi pua zetu zilivyokuwa nyekundu. Kasema hana ugomvi na mimi, amechoka tu – hema, upepo, magari yasiyosimama. Simlaumu. Kaniachia jiko lake dogo la gesi na soksi nene za bibi yake.

Kwa hiyo niko peke yangu. Nimeliandika neno hilo ili nione linafananaje. Halitishi sana.

Mpango uko palepale. Kwanza Ushuaia, kusini kabisa, nchi inapoishia, ambako hosteli moja imekubali nifanye usafi na kupokea wageni, wao wanilaze na kunilisha. Halafu Machi ndege ya Nyuzilandi, kuchuma matunda. Kutoka huko, popote. Mama anasema "popote" si mahali.

Jumatano, 9 Januari. Mji wa Perito Moreno

Lifti mbili tu, na zote nzuri. Ya kwanza daktari wa mifugo na mbwa wake, mbwa kalala mapajani mwangu njia nzima, sasa nanuka mbwa. Ya pili mume na mke waliokuwa wakigombana kuhusu shemeji. Kila mmoja alitaka niwe upande wake. Nilisema wote wana haki. Mume akasema, "Huyu atakuwa hakimu." Walinishusha na mfuko wa nyanya.

Watu wananipa vitu. Sijui wanaona nini usoni kwangu.

Alhamisi, 10 Januari. Barabarani

Naandika nikiwa juu kabisa, ndani ya lori la unga! Herufi zinaruka, samahani daftari.

Dereva ni Mzee Anselmo. Sharubu nyeupe, mkanda wa mgongo, picha ya wajukuu kwenye dashibodi. Nilimkuta kituo cha mafuta, nikamwomba lifti, akanitazama juu mpaka chini kama mtu anayenunua kondoo.

"Baba yako yuko wapi, akuache barabarani?"

"Yuko nyumbani, ameninunia."

"Ana haki. Panda. Mpaka Gregores mimi ndiye baba yako. Sheria ni moja tu: abiria ndiye anayemimina yerba. Akisinzia, anashuka."

Basi namimina maji ya moto kwenye kibuyu cha majani ya yerba. Kibuyu kinakwenda kwake, kinarudi kwangu. Anasema watu wa Rosario hunywa yerba kama dawa ya kikohozi. Amenieleza habari za binti yake Graciela, mwenye saluni mjini Comodoro, anayemkataza chumvi, sigara na lori. Chumvi ameacha.

Nje hakuna kitu. Nyasi za manjano, waya wa mashamba ya kondoo, mbingu. Nina furaha mpaka naona aibu. Ngoja, anadai ki

Ijumaa, 11 Januari. Gregores, hospitalini

Nitaandika polepole.

Niliacha kuandika nimpe kibuyu. Alinyoosha mkono, kikamponyoka. Nikacheka, nikasema sasa nani anasinzia? Hakucheka. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umeshuka. Alisema kitu kisichokuwa neno. Lakini mguu ulikanyaga breki – sijui kwa nguvu gani – akalivuta lori pembeni, likasimama. Hakuniangusha. Hilo sitalisahau.

Simu haikuwa na mtandao. Yangu wala yake. Nilimfungulia mkanda, nikamlaza kwa ubavu kwenye kiti, nikamwekea mfuko wangu wa kulalia chini ya kichwa. Nikamwambia nakwenda kutafuta watu, sikuachi. Alinishika kidole. Ilibidi nijinasue, na kujinasua kule kuliniuma kuliko yote.

Upepo ulinisukuma karibu nianguke. Gari la kwanza lilipita. Walipunga mkono – walidhani naomba lifti! Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Halafu njia tupu, muda mrefu. Kwa hiyo liliposikika la pili nilisimama katikati ya barabara na kutanua mikono. Nikajiambia, ama lisimame ama linigonge.

Likasimama. Pikapu ya wakata manyoya ya kondoo, wanaume wanne wakitoka shamba moja kwenda jingine. Mkubwa wao, Ceferino, alishuka ananitukana. Alipomwona mzee akaacha matusi, akawaita wenzake. Walimteremsha kama wanavyobeba yai. Mmoja akabaki kuleta lori, wawili wakapanda nyuma kwenye upepo ule ili sisi tukae ndani. Nikashika kichwa cha mzee mapajani. Ceferino alikuwa anaendesha na kumsemesha bila kukoma: "Usilale, bwana mkubwa. Unga wa watu huo, tutaupeleka wapi sisi?"

Kiharusi. Daktari aliniuliza kilianza vipi, mkono upi, alikuwa anasemaje, nikamweleza. Kasema tumewahi.

Wakata manyoya waliondoka kabla sijawashukuru vizuri. Ceferino alinibandika kofia yake kichwani, akasema, "Una homa ya jua, wewe," akatoka.

Jumamosi, 12 Januari

Nimelala kwa Nélida, nesi. Hakuuliza kama nina pa kulala. Alisema tu, "Zamu yangu imekwisha, twende." Mchuzi wa kondoo, mikate ya kukaanga, maji ya moto ya kuoga. Nilipokuwa bafuni ndipo nilipoanza kulia. Alinisikia akagonga mlango. "Lia mpaka umalize, maji yapo."

Hospitalini wananiita mjukuu. Niliwasahihisha mara ya kwanza, sasa nimeacha.

Mzee amefumbua macho. Haongei, mkono wa kulia hausogei. Nilimwambia unga umefika, hata mfuko mmoja haukupasuka. Akafumba jicho moja. Nélida anasema ni misuli. Mimi nasema alinikonyeza.

Mchana alifika Graciela, kaendesha gari tangu alfajiri. Alimbusu baba yake, akanusa shati lake, akanigeukia.

"Na wewe ulikuwa unafanya nini kwenye lori la baba yangu?"

Nilijua anachouliza. Masikio yakawaka moto. "Nilikuwa namimina yerba, mama."

"Yerba."

"Ndiyo, mama. Ndiyo masharti aliyonipa."

Nélida aliingia na dripu. "Graciela, bila huyu binti sasa hivi ungekuwa unachagua jeneza. Sogea kidogo, nipite."

Graciela akakaa. Kisha, bila kunitazama: "Kakuambia ameacha chumvi?"

"Ndiyo."

"Mwongo." Akaanza kulia. Nikamshika bega, akauacha mkono wangu pale.

Jumapili, 13 Januari

Nilimpigia Mama nimweleze yote. Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. "Jimena, ingekuwa ni wewe uliyeanguka?"

Nikasema wangenisaidia.

"Nani?"

Watu, Mama. Hawa hawa. Lakini ukweli ni kwamba nataka kitanda changu. Nataka anikaangie viazi. Tangu Alhamisi, kila ninapofumba macho niko katikati ya ile barabara.

Akaomba kuzungumza na Graciela. Wakazungumza muda mrefu, wanawake wawili wasiojuana, wakikubaliana juu yangu kama nguo ya kupunguzwa. Limeshapangwa: kesho ambulensi inampeleka mzee kaskazini, Comodoro, Graciela anaifuata kwa gari, nami ndani. Nitalala kwake, halafu basi la Rosario. "Upumzike," Mama kasema. "Nyuzilandi tutaiona baadaye."

Ameninusuru, na anajua. Na nikishafika kwenye kile kitanda, namjua Mama, najijua. Hakutakuwa na baadaye.

Nélida ananikunjia nguo alizofua.

Jumatatu, 14 Januari. Nje ya hospitali

Asubuhi, jua, upepo umelala. Ambulensi iko tayari. Begi langu tayari liko kwenye buti ya Graciela, alilipakia mwenyewe.

Niliingia kumuaga mzee kwa sasa, nikamwambia tuko pamoja mpaka Comodoro. Akanikazia macho. Midomo ikahangaika. "Ku," akasema. "Kus." Neno lake la kwanza! Graciela akadhani anataka kusogezwa, Nélida akarekebisha mto. Akakunja uso, akainua mkono mzima wa kushoto, kidole kikaelekea dirishani. Dirisha linatazama stoo ya hospitali. Nyuma ya stoo ni barabara ya kusini.

Kusini? Au kusogea tu? Pengine nimesikia nilichotaka kusikia. Nilimbusu paji la uso. Nikamshukuru, kwa breki, kwa kunipandisha. Graciela akanikumbatia kwa nguvu na kunipa funguo za gari. "Kachukue koti lako, njiani kuna baridi. Tunaondoka sasa hivi."

Basi nimekuja kuchukua koti. Nimefungua buti.

Nimekaa hapa ukingoni mwa barabara, naandika juu ya goti. Funguo ziko mkononi. Graciela ananiita kutoka mlangoni, anauliza kama nimelipata. Nimelipata. Koti nimelivaa. Na begi lote liko mgongoni.