Taa ya Baiskeli ya Baba

Mbotela, Nairobi
Juni 1994

Mpendwa Senje Kageha,

Unga wa wimbi ulifika salama, na Marion wetu mdogo ananenepa kwa uji wako. Uliuliza hali ya kaka yako. Tangu kiwanda kifungwe, Baba hatoki nyumbani. Hata kwaya ameiacha.

Ila Jumamosi darasa letu lilipelekwa Ngong kutazama mitambo ya upepo. Senje, laiti ungeona mabawa yale marefu yakizunguka juu ya kilima. Mwalimu alieleza yanavyotoa umeme, lakini sikuelewa, nami niliona haya kuuliza. Jioni nikamwuliza Baba.

"Kumbe ulienda mpaka Ngong ukarudi na baridi tu?" akanitania. Kisha akaipindua baiskeli yake, magurudumu juu, akaegemeza dainamo kwenye tairi.

"Mkono wako ndio upepo. Zungusha."

Nikazungusha, na taa ikawaka. Akanieleza kwamba ndani ya dainamo mna sumaku inayozunguka kati ya nyaya za shaba, na mzunguko huo ndio unaosukuma umeme kwenye nyaya. Kule Ngong upepo ndio unaozungusha. Alieleza mpaka chai ikapoa. Mwaka huu sikuwa nimemsikia akiongea hivyo.

Jana giza lilipoingia, aliipanda baiskeli ile akaenda mazoezi ya kwaya. Nilisimama mlangoni nikiitazama taa yake. Kila alipokanyaga kwa nguvu, iling'aa zaidi.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Mideva