Brashi ya Mzee Hafidh na Ndevu za Beberu

Jadida,
Wete, Pemba.
Jumapili, 3 Novemba 2024

Mpendwa shemegi yangu Ridha,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Naomba barua hii ikukute mzima, na baridi ya huko Denmark iwe haijakugandisha masikio. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Dada yako Rahila ni mzima, ila goti linamsumbua akikaa kitako muda mrefu kuchambua karafuu. Watoto wanasoma na kugombana kama kawaida yao. Baba yako, Mzee Hafidh, ana afya kuliko sisi sote, na bado anamsahihisha muadhini kila alfajiri. Vipi wewe? Kazi inakwendaje? Umeshapata wa kukupikia, au ungali unaishi kwa mikate?

Najua utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa kalamu na simu ninayo. Rahila alitaka jambo hili alirushe kwenye grupu la familia, nikamwambia akifanya hivyo hatutakuwa na pa kuficha nyuso mpaka kiama. Bi Suhaila amemaliza kumuuguza mama yake na anarudi huko wiki hii, kwa hivyo nimempa bahasha hii na kifurushi. Tafadhali usikifungue kifurushi kabla hujaimaliza barua. Nakujua huna subira, lakini kwa leo jikaze.

Kazi yangu inakwenda vizuri. Kerezo langu la kuchongea mipini, lile nililolifunga kwenye miguu ya cherehani kongwe ya mama, bado linazunguka kwa kukanyagwa, umeme ukatike usikatike. Ninatengeneza brashi za kunyolea na mipini ya nyembe kwa vitu ambavyo wenzangu huvitupa: kifuu cha nazi, pembe ya ng'ombe, mguu wa kitanda kilichovunjika, hata soli za kandambili nikizibana safu kwa safu. Kinyozi mmoja wa Mkoani anasema mpini wangu wa pembe hauponyoki mkononi hata ukiwa na povu. Shida yangu ilikuwa nywele tu. Nilijaribu mkia wa ng'ombe, ukawa mgumu. Nikajaribu makumbi ya nazi, na aliyenyolewa kwa brashi hiyo hajanisalimia mpaka leo.

Sasa nije kwenye zawadi yako. Ile brashi uliyompelekea Mzee baada ya Idi Kubwa ilimfurahisha mno. Fedha unazotuma huzipokea, akashukuru, akanyamaza. Lakini hii ilikuwa kitu ulichokichagua wewe mwenyewe kwa ajili yake, na alikitembeza mtaa mzima. Kila Ijumaa asubuhi alikaa barazani na bakuli lake akanyoa kichwa na kuchonga mashavu, na kila aliyepita aliitwa aionje. Nassor muuza mkaa aliionja. Bwana harusi wa nyumba ya tatu alipakwa povu kwayo siku ya kunyolewa. Shehe Abdulsamad naye alipakwa, akasema kwa kweli wenzetu wanajua kutengeneza vitu.

Mimi, kama fundi, nilikuwa naumia kwa wivu. Nywele zake zilikuwa imara bila kuchoma, zinasimamisha povu kama maziwa yaliyochemka. Nikataka kujua ni nywele za mnyama gani ili nami nizitafute. Nikaliazima boksi lake, nikampa Rahila alielekezee simu yake, maana siku hizi simu inasoma lugha zote. Rahila akasoma, akasoma tena. Kisha akaliweka boksi chini taratibu na kwenda kunawa mikono.

Ridha shemegi yangu, zilikuwa nywele za nguruwe. Nguruwe halisi, wa mwitu, na wameandika kwa kujisifu.

Nilikaa chini. Nikakifikiria kichwa cha Mzee, nikayafikiria mashavu ya Shehe, nikamfikiria bwana harusi. Lakini kilichonitia hofu zaidi kilikuwa kingine. Miaka kumi na moja uko mbali, na kuna midomo hapa mtaani inayopenda kusema kwamba watoto wakienda huko husahau walikotoka. Mzee hajawahi kuyajibu maneno hayo. Niliogopa kwamba brashi hii ndiyo itakayomfanya ayaamini.

Rahila hakunihurumia. Alisema, "We ndo ulotaka kujua, basi we ndo wa kwenda kusema." Fikiria, mtu akamtajie mkwewe neno hilo! Mimi mbele ya baba yako hata kukohoa huwa naomba ruhusa.

Nilimkuta baada ya alasiri, yuko barazani na brashi anaikausha. Nikaanza kwa mbali. Nikauliza habari za mgongo wake, nikauliza habari za mbuzi, nikaisifu mvua. Nilipofika kwenye bei ya karafuu akanikatiza. "Mkwe wangu Jaribu, ntu akianza kunizungukia vino, ama mgonjwa ama kavunja kitu. Sema."

Nikasema. Nilisema nimeangalia sakafu, tena kwa sauti ambayo sijui hata aliisikiaje.

Aliigeuzageuza brashi mkononi. Nilitarajia aulize habari za sala zake, au za udhu. Aliuliza jambo moja tu. "Ridha alijua?"

Nilimwambia hapana, na nilisema bila kusita. Nilimwambia yale maandishi yako chini ya boksi, madogo kama sisimizi, na mtu anayemnunulia baba yake zawadi hutazama uzuri wa mpini, hageuzi boksi. Niliapa kwa niaba yako, shemegi, na sikukuuliza kwanza, kwa sababu nakujua.

Basi baba yako akaanza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Ndo yeye tokea ntoto," akasema. "Akiniletea embe hulitazama upande uloiva, asiligeuze. Funza nnamwona miye." Hapo ndipo nilipopumua.

Mengine yalikuwa kichekesho. Mzee mwenyewe alikwenda mpaka kwa Shehe Abdulsamad kumpa habari. Shehe aliyashika mashavu yake kwanza, ndipo akasema asiyejua halaumiwi, lakini kutwahirisha ni lazima: kuosha mara saba, na mojawapo kwa udongo. Jioni ile ungepita mtaani kwetu ungedhani kumezuka ugonjwa. Wanaume wazima wamepanga foleni bombani, nyuso zimepakwa udongo, na wake zao madirishani wanashindwa kujizuia kucheka. Bwana harusi alioshwa na mkewe, na inasemekana alisuguliwa kwa bidii isiyo ya lazima.

Mimi nikadhani brashi itatupwa. Mzee akakataa. Alisema mpini hauna kosa lolote, ni wa mwanawe, na fundi anaye ndani ya nyumba. Akaniambia, "Kesho njoo na nkasi."

Nikuelezee kidogo habari za beberu. Kuna beberu mmoja mweupe Mzee anamfuga tokea akiwa mtoto wa mbuzi, na hamuuzi. Wamekuja watu wa harusi, wamekuja watu wa akika ya watoto, wote wamerudi mikono mitupu. Akiulizwa anasema tu kwamba huyu ana kazi yake. Sote tunaijua kazi hiyo, ingawa hakuna anayeitaja: anamngojea mtu fulani ashuke boti. Ana ndevu ndefu kama za kadhi. Ndevu hizo ndizo tulizozikata. Nilishika pembe, Rahila akashika miguu, Mzee akakata mwenyewe huku akimwomba beberu radhi. Beberu hakuzikubali radhi, na mimi nilimalizia kazi nikiwa nimekaa kwenye mavi yake.

Harufu ya ndevu zile, usiniulize. Nilizichemsha na makonyo, vile vijiti vya karafuu, nikazianika, nikazichemsha tena, mpaka Rahila akakubali ziingie ndani. Halafu nikazichana, nikazitia kwenye kikombe cha kahawa ncha zikiwa chini, nikawa nakigonga kikombe polepole mpaka zikajipanga duara zenyewe. Ncha za nywele hazikatwi kwa mkasi, ukizikata zitachoma uso; unapunguza upande wa mashina. Nikazifunga kwa uzi wa mshipi wa kuvulia, nikatia gundi, nikaziacha zikauke. Zikatoka laini kuliko zile za kwanza, na sisemi hivi kwa kujisifu, ingawa kidogo najisifu.

Ndevu zilitosha brashi mbili. Moja nimeipachika kwenye mpini wako ule ule, baada ya kuzing'oa zile nywele zote na kuuosha mara saba, ya udongo ikiwa ya kwanza. Hiyo anayo Mzee, na Ijumaa iliyopita Shehe alipakwa povu kwayo kwa furaha, ila aliniuliza mara mbili. Ya pili imo kwenye kifurushi chako. Mpini wake nimeukereza kutoka kwenye fundo la ule mkarafuu wa nyuma ya nyumba, ulioanguka kwa upepo mwaka jana. Ndio ule uliokudondosha ukapoteza jino. Ukiupasha kwa maji ya moto utausikia unanukia nyumbani. Mpini wa wembe ulioandamana nao ni wa pembe ya ng'ombe, huo ni zawadi yangu, na nakuhakikishia mwenye pembe nilimwona kwa macho yangu.

Usione haya, Ridha, wala usijilaumu. Zawadi yako imetuchekesha nyumba nzima, na mara ya mwisho baba yako kucheka vile sikumbuki. Ila siku nyingine, ndugu yangu, geuza boksi.

Rahila anakusalimu sana na anasema umepungua katika picha. Bi Suhaila atakupa salamu zake kwa mdomo. Nassor anakusalimu, na anasema uso wake haujawahi kuwa msafi kama sasa. Beberu naye anakusalimu, kidevu wazi.

Nilipokuwa nafunga kifurushi nilimuuliza Mzee kama ana neno la kukuandikia. Unajua kwamba kwenye simu siku zote hukwambia ufanye kazi na usali, na tokea uondoke hajakwambia hata mara moja urudi. Aliishika ile brashi yako ya mkarafuu, akaipitisha shavuni ikiwa kavu, akanirudishia. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema: "Mwambie aje nayo. Ndevu za beberu zitaota tena. Zangu miye zilobaki ndo hizi."

Mwenyezi Mungu akuhifadhi ulipo, akufungulie njia, na akuoneshe uso wa baba yako ungali na tabasamu.

Wako akupendaye,
Shemegi yako,
Jaribu