Sharubati ya Kujenga Damu

Kijiji cha Tulia, Jumatano, Novemba 1987

Mvua inanyesha tangu asubuhi na mimi sijatulia. Nimefagia nyumba iliyokwisha kufagiwa. Nimefungua gazeti, nikalifunga.

Mwende, mke wa mwanangu, alijifungua mwezi uliopita na akapoteza damu nyingi. Zahanati ilimpa vidonge vya kuongeza damu. Leo alipoinuka kumchukua mtoto, alishika ukuta asianguke. Nikamwuliza vidonge viko wapi. Akatazama rafu.

Rafu imejaa chupa za sharubati nyekundu.

Zamani tulikwenda kumwona mzazi na kibuyu cha uji. Siku hizi akina mama wa kanisa huja na chupa hizi, maana uji umekuwa zawadi ya aibu. Na zawadi ya mzazi hairudishwi. Hunywewa mpaka iishe. Kwa hiyo Mwende amekuwa akinywa. Vidonge akaviacha: vinamsumbua tumbo, na chupa inasema kwa herufi nene, HUJENGA DAMU.

Ni nyekundu, basi ni damu. Hiyo ndiyo sayansi yote iliyomo.

Nilivaa miwani, nikaisoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Majigambo yameandikwa Kiswahili, ili sote tuyasome. Ungamo limeandikwa Kiingereza, kwa herufi kama mayai ya chawa: sukari, maji, rangi, ladha. Na chini kabisa: hujenga damu ikitumiwa pamoja na mlo wenye nyama, mboga na maharagwe.

Wenye kiwanda hawa si wajinga. Hawa wamesoma.

Mara akaingia Mama Kioko, kiongozi wa akina mama, na chupa nyingine mkononi. Hata kiti sikumpa. Nilimsomea karatasi ile kama hakimu.

"Mwalimu, wewe hata peremende utaipeleka kortini," akacheka. "Sisi tumeleta upendo."

"Upendo wenu umetiwa rangi kiwandani."

"Ala! Basi mpe magazeti yako anywe!"

Mwende akaanza kulia. Nilikuwa nimemtukania mgeni wake. Nikaona wazi nilipokuwa naelekea: ningeshinda ubishi, naye angezimaliza chupa zote kwa ajili ya heshima.

Nikavuta kiti, nikamkalisha mama wa watu. Nikausoma ule mstari wa mwisho upya, polepole, kwa Kikamba.

"Hata maji ya mtoni yatajenga damu," nikasema, "ukiyanywa pamoja na maini."

Mama Kioko aliigeuza chupa yake huku na huku. "Yaani nyama ndiyo inafanya kazi, halafu hii ndiyo inachukua mshahara?"

Mwende alicheka machozi yakiwa bado mashavuni. Kisha akatoa vidonge chini ya godoro, akameza kimoja mbele yetu. Mama Kioko akajifunika leso kichwani, akatoka mvuani kuchuma majani ya kunde shambani kwangu, yale yale tunayowapa mbuzi.

Ningepaswa kutulia sasa. Lakini dukani chupa bado zimepangwa mlangoni, na kuna wazazi wengine huko vijijini wasio na mkwe mgomvi. Mama Kioko ameahidi kwamba Jumapili atasema na wenzake. Je, neno la mdomo litaziweza herufi nene namna ile?

Jioni hii Mwende amekula sahani nzima. Alipoinuka, alishika ukuta tena.

Kesho akiinuka nitautazama mkono wake kabla ya uso.