Harage Jeupe la Meza Kuu

Jumatatu, 9 Juni

Soksi bado mbichi. Ukungu haujaondoka kwenye kilima hiki cha juu ya Lushoto tangu jana. Nimefundisha nikiwa na kandambili. Vijana wamecheka. Wacheke.

Kila Juni mdogo wangu Yona, mchungaji, ananiita kwenye kambi yake ya vijana wanaojifunza uongozi. Kila Juni tunagombana. Mwaka huu tumeanza mapema, kwenye chai. Sababu: meza kuu. Jumamosi wazazi watakuja kwenye ufungaji, na Yona ameshatafuta kitambaa, maua ya plastiki na maji ya chupa kwa ajili ya wakubwa. Nimeipiga meza kuu magazetini kwa miaka mingi, kwenye safu yangu ya Mama Ubishi. Nchi nzima inakaa juani ikitazama watu wachache wakinywa maji.

Ila amewaahidi vijana jambo jema, mbele yangu. Ufungaji ndio mtihani wao: "Mtaamua ninyi, mtaendesha ninyi." Atakayeongoza vizuri ataitwa Desemba kuwa mlezi kwenye kambi ya watoto wadogo. Nimeisikia ahadi hiyo. Nimeiweka kama silaha.

Jumanne, 10 Juni

Wamemchagua Neema kuwa mwenyekiti. Miaka kumi na sita, sauti ndogo, macho hayakwepi. Wazazi wake walitoka Njombe kuja kuchuma chai upande wa Amani. Anaitaka hiyo Desemba kuliko kitu chochote. Amelea wadogo zake wote na anasema hiyo ndiyo kazi anayoijua. Anataka pia baba yake aje Jumamosi. Hajawahi kuhudhuria shughuli yake hata moja.

Nimewahubiria juu ya meza kuu kipindi kizima. Nimewapa manabii, nimewapa wanafalsafa, nimewapa Yesu akiosha miguu. Nilikuwa moto. Nimelala nikijua nimeshinda.

Jumatano, 11 Juni

Nimeshindwa.

Wamejadiliana asubuhi nzima. Kisha Neema akasimama: "Mwalimu, meza kuu itabaki."

Nikauliza kwa nini, kwa ukali.

"Baba yangu hajawahi kukaa meza kuu. Wewe unataka kuifuta kabla hajafika."

Darasa zima: ayaaa! Kijana mmoja wa Rangwi akagonga dawati. "Mama Ubishi leo kapatikana!"

Kuandika kote kule, na hilo halijawahi kunipitia kichwani. Nimempenda papo hapo. Nimekasirika pia.

Azimio lao: viti vitapigiwa kura, kama mitume walivyompata Mathiya. Kapu moja la maharage mekundu, ndani yake machache meupe. Kila mtu atatumbukiza mkono, mgeni rasmi naye. Ukitoa jeupe, unakaa meza kuu. Hakuna kubadilishana, hakuna kumpisha mtu.

Alhamisi, 12 Juni

Yona amewaka. Mgeni rasmi ni mkubwa wa ofisi moja Tanga, na amegusia kusaidia mabati ya bweni. Mkubwa atumbukize mkono kwenye kapu la maharage? Amemwambia Neema abadili azimio kabla ya kesho jioni. Asipobadili, Jumamosi ataongoza mwingine, na Desemba itakwenda na huyo mwingine.

Nimemfuata Yona nyuma ya jiko, nimempigia kelele. Uliahidi! Hata Herode alitimiza ahadi yake, na yeye alikuwa Herode!

Amengoja nimalize. "Dada, wewe unaandika halafu unateremka zako Dar. Mimi nabaki na watoto chini ya bati linalovuja."

Imeniingia.

Neema ameacha makande yake nusu. Nimemwambia asirudi nyuma. Kisha nikaogopa. Rahisi kwangu kusema. Desemba inayochezewa si yangu.

Ijumaa, 13 Juni

Neema amekwenda kwa Yona mwenyewe. Nilikuwepo. Akatoa shikamoo, akakaa ukingoni mwa benchi. Hakubishana. Aliuliza tu: "Mchungaji, mgeni mwenyewe ameulizwa?"

Hakuulizwa. Yona amepanga viti miaka yote bila kuuliza. Mimi nimetukana viti miaka yote bila kuuliza.

Yona akapiga simu, akampa. Binti akaeleza yote, hata kwamba mgeni anaweza kukosa kiti. Simu ilikuwa kwenye spika, tukamsikia mgeni:

"Sasa binti, nikikosa nitakaa wapi?"

"Na sisi, baba."

"Haya. Nitaangalia."

Simu ikakatika. Nitaangalia! Nalichukia neno hilo.

Yona akatazama dari yenye madoa ya mvua. "Endesha," akamwambia. "Mabati yakienda, yaende." Ndugu yangu huyu. Ningemkumbatia, lakini tungeshtuka wote wawili.

Jumamosi, 14 Juni

Mgeni amekuja. Kachelewa, lakini kaja. Baba Neema pia, koti la kuazima, viatu vilivyong'arishwa vikachafuka njiani.

Mgeni akatumbukiza mkono. Jekundu. Watoto wakashangilia kama goli. Akaenda benchi, mama mmoja akampakatisha mtoto ili afunge kanga yake vizuri. Hakumchukua tena. Mkubwa kapakata mpaka mwisho.

Nikatumbukiza wangu. Jeupe.

Mimi. Nyuma ya maua ya plastiki, na soda yenye mrija. Yona alicheka mpaka akashika nguzo.

Kisha baba Neema. Kapu limeshikwa na bintiye. Jekundu. Akalitazama kidogo, akalirudisha, akaenda kukaa kwenye majani nyuma ya mabenchi.

Nikasimama. Kiti changu kilikuwa chake, nani hakujua? Neema akanigeukia. Macho yamejaa, sauti imara. "Mwalimu, kaa. Tulikubaliana."

Nikakaa. Sijawahi kukalia kiti kigumu namna ile.

Ameendesha shughuli mpaka baraka bila kumtazama baba yake. Nadhani angemtazama, angeshindwa.

Mgeni kaondoka bila kutaja mabati. Yona naye hakutaja. Jioni Yona alivua filimbi ya kuongozea kambi shingoni mwake akamvika Neema. "Desemba," akasema, akaenda kuangalia kuni.

Jumapili, 15 Juni

Kimya. Soksi zimekauka.

Nimetoka kutafuta chai. Meza kuu bado iko uwanjani, haina kitambaa, maua yamo kwenye ndoo. Baba Neema amelala hapa akingoja gari la leo. Amekaa pale mezani, katikati kabisa, kofia magotini. Neema anammiminia uji.

Nikataka kugeuka nisiwasumbue. Baba Neema ameniona. Amesogeza kiti cha pembeni yake.

"Karibu, mwalimu."

Nimekaa.