Riziki Hairudishwi

Saint-Josse, Brussels
9 Machi 2025

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Saumu inakwendaje huko Rumonge? Kikohozi kimepungua, au bado unamficha Mama? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila vidole vimepasuka kwa baridi. Nimeandika kwenye karatasi na kupiga picha, maana najua ujumbe mfupi wa simu unauita kelele.

Baba, nimekuwa mvuvi. Usicheke. Tangu mwaka jana, siku ambazo sina zamu kwenye nyumba ya wazee kule Auderghem, napanda treni Gare du Midi mpaka Ostend, kisha tramu ya pwani mpaka Nieuwpoort, pale mto Yser unapoingia baharini. Aliyenifundisha kuvua kwa mshipi ni Kabeya, mwenzangu wa kazini, mtu wa Lubumbashi. Mto huo una vituko. Bahari ikijaa, maji yake yanarudi nyuma kuelekea bara. Ikipwa, yanashuka tena. Kuna samaki anaitwa bar, hufuata maji yanayojaa akiwinda kamba. Ukimwona utasema ni sangala wa ziwa letu aliyenyimwa chakula.

Leo nimesimama kwenye mawe na saumu yangu, upepo unanichapa, nikamvuta mmoja mrefu kama mkono wangu, tumbo limejaa mayai. Sheria ya hapa inasema mwezi huu bar wote warudishwe majini, nami nikamrudisha. Kabeya sheria anaijua, lakini kila mara analia: "Maman Naïma, mais uko natupa chakula ya bantu!"

Sasa nije kwenye neno langu. Mama ameniambia kwamba sikukuu ikipita utampa Amissi, mtoto wa baba mdogo, boti yako ya uvuvi, eti kwa kuwa huna mtoto mvuvi. Unaye. Usimpe.

Mwanao,
Naïma


Rumonge
16 Machi 2025

Mwanangu Naïma,

Wa alaykum salaam. Mama yako mzima, saumu inakwenda vizuri, na kikohozi ni changu, kiache.

Kwanza, mto haurudi nyuma. Nimezeeka juu ya maji, na ziwa letu liko pale pale asubuhi na jioni.

Pili, hapa mwanamke hapandi boti ya uvuvi. Akipanda, nyavu zinarudi tupu. Sikulitunga mimi, nililikuta.

Tatu ndilo lililoninyima usingizi. Umetoboa mdomo wa kiumbe cha Mungu, ukamvuta, ukamtazama, ukamtupa. Kama una njaa, mle. Kama huna njaa, mwache apite zake. Riziki hairudishwi, na kiumbe si mchezo. Hata Amissi, mvivu yule, hajawahi kufanya hivyo. Wewe unajiita mvuvi?

Boti itakwenda kwa Amissi. Maneno yamekwisha.

Baba yako


Saint-Josse
6 Aprili 2025

Baba,

Assalaam alaykum. Eid mubarak, ingawa imechelewa. Mama aliniambia kifua kimekubana siku ya sikukuu, nikaumia, lakini sikuandika kwa sababu nilikuwa na hasira. Sikufichi.

Hilo la samaki umenishinda. Sheria inaniamuru nimrudishe; hainitumi kwenda kumtoboa. Nilijificha nyuma yake kwa kuwa nilipenda kuvuta. Mwakani, mwezi wa mayai, ndoano zangu zitakaa kabatini. Marufuku sasa imekwisha. Jana nikaenda tena, nikampata bar mnene, nikamkaanga kwa ndimu na pilipili, nusu nikampelekea jirani yangu Cécile. Nililamba mpaka mifupa.

Lakini la mwanamke silikubali. Unasema ulilikuta. Hata mimi nimelikuta, na nimeliacha pale pale. Nyavu zako zimerudi tupu mara ngapi, na botini hapakuwa na mwanamke hata mmoja? Siku hizo nani alizitia nuksi?

Sikiliza basi. Nimekata tiketi. Ziwa likifunguliwa mwezi wa nane, baada ya ile miezi ya kupumzisha samaki, nitakuwa Rumonge. Kama boti umeshampa Amissi, nitakwenda kwa Amissi kuomba kibarua. Nitavuta nyavu kwa ujira ndani ya boti ya baba yangu, na ufukwe mzima utanitazama. Wakiuliza huyu ni binti wa nani, nitawajibu kwa sauti. Wewe chagua aibu unayoiweza.

Mwanao mvuvi,
Naïma


Saint-Josse
18 Mei 2025

Baba,

Salaam nyingi kwako na kwa Mama. Natumaini mko wazima. Naona kwenye simu kwamba barua umeifungua. Kimya si jibu. Tiketi sijairudisha, wala sitairudisha.

Mwanao


Rumonge
2 Julai 2025

Naïma,

Wa alaykum salaam. Kifua ni nafuu. Mama yako anawasomea majirani barua zako, nimemkataza, hasikii.

Ulinitukana kwa adabu, na tusi la namna hiyo ndilo baya zaidi. Nilikwenda kwa Amissi kumkabidhi boti, yaishe. Nikamweleza habari ya kibarua chako. Nilidhani atanijibu kwamba dada yake hawezi kuvuta nyavu kwa ujira katika boti ya ukoo. Akacheka. Akasema: "Bon, baba mukubwa, akuje tu. Nitamulipa nusu ya wanaume."

Nusu! Damu yangu ilipwe nusu, ndani ya boti niliyoichonga mimi! Nikainuka, chai yake nikaiacha, nikarudi nyumbani na boti yangu.

Sijasema una haki. La mto kurudi nyuma bado nalikataa. Lakini niliwakusanya vijana wangu watatu wa botini nikawaambia kwamba mwezi wa nane utapanda. Wote wameacha kazi. Mmoja mgongo unamuuma, mwingine ana harusi Kigoma, wa tatu hata hakuhangaika kutafuta uongo. Msikitini wananipa mkono huku wanatazama pembeni. Hakuna mtu katika ufukwe huu anayetaka kupanda na sisi.

Waache wakae. Boti ile ni ya watu wanne, tutaipeleka wawili. Mimi mikono bado ninayo, na wewe unasema unayo.

Njoo.

Baba yako