Ukurasa wa Mke wa Ayubu

Mpendwa Baba,

Mama alitutoka mwaka jana, wiki moja kabla ya Pasaka, na tangu hapo hujaandika hata mstari. Hasara ni mbili, na kwa hii ya pili hakuna aliyekuja kutupa pole. Naiweka barua hii wazi katika jarida la kanisa kwa sababu kwa simu unanijibu "tutaona," na kila Jumapili wasomaji wako wananizuia mlangoni: "Wambui, kitabu cha Ayubu kinatoka lini?" Nawaambia mwenye kitabu yuko Kinoo, wamuulize.

Kwanza shukrani. Watu wanaokuja dukani kwangu hapa Dagoretti Corner huniuliza biashara ya vifaa vya ujenzi nilisomea wapi. Mezani kwako! Ulikuwa unaandika bila kuinua kichwa, unaita, "Zaburi mia moja na kumi na tisa, tisini na saba!" nami napekua Biblia kama kuku kwenye jaa, niufikie mstari kabla hujaweka nukta. Leo fundi akinitajia mabati na misumari, jumla imeshafika kichwani kabla hajamaliza kusema. Na ni wewe uliyenituma Ngara kwa mpiga chapa, bado msichana, na kurasa zako ndani ya mfuko wa unga: "Usitoke hapo mpaka uhakikishe hawajaruka kitu." Sijatoka mahali bila kuhakikisha tangu siku hiyo.

Lakini nakushukuru zaidi kwa jinsi ulivyomsikiliza Mama. Maisha yako yote umeandika juu ya Maandiko, na hakuna ukurasa uliokwenda Ngara kabla ya kumsomea jikoni. Yeye anafuma vitambaa vya makochi, wewe umesimama na karatasi kati ya jiko na mlango. Sindano ikisimama, unajua maneno yamemgusa. Ikienda mbio, unakata. Wachungaji wenzako walicheka. Hukuwajali.

Siku ya mke wa Ayubu nilikuwepo, namenya viazi. Ulisoma kwamba alikuwa mwanamke mpumbavu kwa kumwambia mumewe amkufuru Mungu afe, basi. Sindano ikasimama, lakini vibaya.

"Mchungaji," Mama akasema. Akikuita Mchungaji ndani ya nyumba, tulijua kuna vita. "Huyo mama amezika watoto wangapi?"

"Kumi."

"Kwa mwaka mmoja?"

"Kwa siku moja, Mama Njoroge."

"Na wewe umempa nusu ukurasa na tusi juu. Mimi ukinimwagia chai tu nasema mabaya kuliko yake!"

Ulicheka mpaka ukatafuta kiti. Kisha ukachana ukurasa, ukasema, "Kesho naanza upya." Kesho yake tukampeleka Mama hospitali.

Sasa lalamiko langu. Baada ya mazishi, sura zilizokuwa tayari ulimpa kaka Njoroge, kwa kuwa amesoma chuo cha theolojia. Akakurudishia: "Iko sawa tu, Mzee." Sawa tu! Mama aliwahi kukuambia sawa tu? Ukaamua kwamba hakuna tena wa kukusikiliza. Mimi, binti wa misumari, hukuniuliza. Kigiriki ulimfundisha yeye. Mimi nilibaki kutafuta mistari. Nimesamehe nusu, nusu ingalipo.

Hata hivyo Ayubu nimemsoma, kwa njia ninayoijua, ya hesabu. Kondoo elfu saba wanarudi elfu kumi na nne. Ngamia elfu tatu wanarudi elfu sita. Ng'ombe na punda, maradufu vilevile. Watoto walikuwa kumi, wanarudi kumi. Nilirudia nikidhani nimekosea. Kila kitu mara mbili, isipokuwa watoto. Na hao kumi wa pili aliwazaa nani, na alipata wapi moyo wa kuanza tena? Mwandishi kanyamaza, na wewe umenyamaza naye.

Jumamosi nafunga duka saa sita. Saa tisa nitakuwa kwako Kinoo. Sitaki tutaona. Nataka unisomee ukurasa mpya wa yule mama, hata ukiwa nusu, mimi nikisikiliza. Halafu unijibu wazi, kabla jua halijazama: watoto hawakurudishwa maradufu kwa sababu wale wa kwanza bado wanahesabiwa mbele za Mungu? Ndiyo au hapana, Baba. Nina mtu wangu ninayetaka kumhesabu.

Ni mimi, binti yako,
Wambui