Kilo Isiyotimia

Kisauni, Mombasa
Jumatatu, baada ya alasiri

Kwa baba yangu mpenzi, Mzee Sheikhan,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na shikamoo nyingi kutoka kwa bintiyo Swabra. Naomba barua hii ikukute u mzima barazani kwa Da Tima, magoti yamepoa, na ile dawa ya kuchua unaitumia, si kuificha chini ya mto. Sisi huku Kisauni hatujambo, alhamdulillahi. Mjukuu wako Safa amehitimu juzuu ya Amma na anataka akusomee wewe kwanza.

Utashangaa kwa nini nimeandika na simu ninayo. Baba, nikiisikia sauti yako sitafika ninakotaka kufika. Nimempa Mahir, kijana wetu wa dukani, barua hii kwa kuwa anakuja Vanga kesho. Tafadhali isome mwenyewe, usimpe Da Tima akusomee.

Wakumbuka mwezi wa pili nilikueleza kuwa mkaguzi wa vipimo aliikataa mizani yako ya zamani ya pale dukani. Alisema imechakaa, hawezi kuipiga muhuri tena. Ukanambia niende kwa Musyoka, yule muuza mizani wa Changamwe uliyekuwa ukimwendea miaka yote. Nilikwenda. Alinionyesha mizani ya umeme, ndogo, safi, yenye muhuri tayari, lakini aliponitajia bei nilihisi ananiona mjinga. Nikamtolea simu yangu mbele ya wateja wake nikamwonyesha mizani kama ile ile mtandaoni, kwa nusu ya bei. Nikamwambia kwamba watu kama yeye ndio wanaotula sisi wafanyibiashara wadogo. Hakukasirika. Alinijibu kwa kile Kiswahili chake cha Ukambani, "Mama, hiyo ya kwa simu pia inapima. Lakini ikikosea, utamwendea nani?"

Nilitoka, nikaiagiza papo hapo nikiwa kwenye tuktuk.

Ilifika kwa bodaboda siku ya tatu. Ilikuwa nzuri, baba, siwezi kusema uongo. Nambari zake nyekundu zilisomeka hata na mtu aliye barabarani. Ile habari ya muhuri nikasema nitaipeleka wiki ijayo, na wiki ijayo ikazaa nyingine. Nilikupigia simu nikajisifu, nawe ukacheka ukasema wewe hununui chombo ambacho hujakishika kwa mkono wako. Maneno hayo yalinikera kidogo. Niliona hamuamini, wewe na Musyoka, kwamba mwanamke anaweza kuliendesha duka.

Sasa, Mama Ziro unamjua, yule Mgiriama mpika mahamri wa pale karibu na msikiti wa Frere Town. Huchukua kwangu kilo kumi za unga wa kupima kila baada ya siku mbili. Siku hizo alikuwa akikaa na wifi yake Jumwa, mjane wa marehemu kakake, na watoto wawili wa Jumwa. Jumwa ndiye aliyekuwa akija kuuchukua unga na kuukanda alfajiri. Basi mahamri yakaanza kupungua. Kilo kumi zilizokuwa zikitoa mahamri mia mbili na ishirini zikawa zinatoa mia mbili na tano, au chini ya hapo. Mama Ziro alijaribu kuyapunguza ukubwa ili hesabu itimie, shule ya chekechea aliyokuwa akiipelekea ikalalamika kuwa watoto hawashibi, wakatafuta mpishi mwingine. Hakuishuku mizani. Nani angeishuku, na ile nambari nyekundu inasema kumi? Alimshuku Jumwa. Alidhani anauchota unga njiani na kuuza. Wakagombana mbele ya majirani, Jumwa akaapa kwa kaburi la mumewe, haikusaidia. Akawachukua wanawe akarudi kwao Mariakani.

Baada ya siku kumi hivi Mama Ziro alikuja dukani amechanganyikiwa. Alisema sasa anaukanda unga mwenyewe na bado mahamri hayatimii. Nikamwambia ngoja niipeleke mizani ikaangaliwe. Nikaichukua hadi Changamwe kwa Musyoka. Aliweka juu yake jiwe lake la kilo moja lenye muhuri, mizani ikasoma kilo moja na gramu sabini na tano. Akarudia mara tatu. Ina maana kila aliyenunua kilo kwangu kwa miezi miwili alipata pungufu.

Nilingoja anicheke. Hakunicheka. Alinifungulia sanduku chini ya meza yake, akanionyesha kwamba hata yeye huagiza mizani mtandaoni, kutoka mbali zaidi kuliko mimi. Akanieleza kwamba zikija huzijaribu moja moja, mbovu huzirudisha, nzima huzipeleka kupigwa muhuri, ndipo huziuza. Kwamba bei ile niliyoilaani ni ya kazi hiyo, na ya kuwa yeye yupo pale mtu akirudi. Yule muuzaji wangu wa mtandaoni nilimwandikia mara nne, hajajibu hadi leo. Musyoka aliniazima mizani yenye muhuri nikarudi nayo Kisauni siku hiyo hiyo.

Nilibandika karatasi mlangoni nikawaeleza watu wote yaliyotokea, na kila aliyekuja nilimfidia kwa unga, mchele au sukari. Kisha mimi na Mama Ziro tukaenda Mariakani kumwomba Jumwa radhi. Alirudi nasi. Watu wa mtaa walinisifu mno. Ustadh Mahfudh alinitaja msikitini baada ya Ijumaa, kisha akakupigia simu wewe kukupongeza kwa malezi. Nawe ukanipigia, ukaniombea dua ndefu kwa furaha. Ukasema, "Sasa hata nikifa leo, duka langu liko mikononi mwa mwaminifu."

Baba, mpaka hapa ndipo watu wanapopajua. Dua ile si yangu.

Nilikuwa najua. Wiki tatu kabla ya kwenda kwa Musyoka, nikipanga rafu, niliweka pakiti ya sukari ya kiwandani ya kilo mbili juu ya mizani bila kukusudia. Ikasoma kilo mbili na gramu mia na hamsini. Nikaweka ya pili, ya tatu, ya nne. Zote vile vile. Nikazirudisha kwenye rafu nikaendelea kuuza. Sikutaka zile gramu, wallahi. Niliwaza nitarudi vipi kwa Musyoka baada ya maneno niliyomwambia, na wewe nitakwambia nini, na watu wakisema bintiye Sheikhan anapunja. Kila siku nilisema kesho.

Na katika hizo kesho, Mama Ziro alikuja akaketi kwenye gunia akalia, akanambia anamshuku Jumwa. Neno moja tu lingetosha. Nilimwambia, "Pole, dada. Watu ni wagumu kuwajua." Kisha nikampimia unga kwa mizani ile ile. Siku Jumwa alipoondoka alipita mbele ya duka na mizigo na watoto, akaniaga, nami nikamuaga.

Wala sikwenda Changamwe kwa kumcha Mungu. Nilikwenda kwa sababu Jumwa alikuwa hayupo tena wa kulaumiwa, na iliyobaki ilikuwa ni mizani tu.

Jana nimekwenda kwa Mama Ziro nikawaambia wote wawili. Mama Ziro alinitukana, na nilistahili. Jumwa alikuwa anakata madonge ya unga, hakuacha. Aliniuliza jambo moja tu, kama siku ile alipokuwa ananiaga nilikuwa ninajua. Nikamwambia ndiyo. Akanambia mwanawe mkubwa alikosa mtihani wa muhula walipokuwa Mariakani, na wenzake wanamwita mtoto wa mwizi mpaka sasa. "Njia ya kusifiwa msikitini umeijua," akasema. "Basi na njia ya shule ya mwanangu uijue." Leo asubuhi nimekwenda na Jumwa hadi shuleni kwa mwanawe, nikasimama mbele ya mwalimu na darasa zima, nikasema yote. Tulipotoka Jumwa alishika njia yake peke yake. Unga wananunua kwengine.

Ustadh Mahfudh nitamwendea leo baada ya isha. Lakini wewe nimetaka uyasikie kutoka kwangu. Ufunguo wa duka nimemkabidhi Mahir pamoja na barua hii. Ukiona bado nafaa, mrudishie aje nao. Ukiona sifai, mpe unayemwamini, nami sitakuwa na kinyongo.

Nisalimie Da Tima na watoto, na majirani wote wa Vanga wanaoniulizia. Safa anakubusu mikono. Usiache kula kwa ajili yangu, baba, na uniwie radhi, kwa hili na kwa maneno yako ya simu niliyoyapokea, yaliyokuwa matamu kuliko mimi.

Ni mimi bintiyo,
Swabra Sheikhan